Kondoo Niliyemkataa

Jumamosi, jioni. Chanika, Handeni.

Jua la leo limewaka bila huruma tangu asubuhi, na sasa hivi ndiyo kwanza kimekuja kiupepo chenye vumbi la barabarani na harufu ya chapati za jirani. Nimevua viatu, miguu imevimba. Nimekaa kwenye kigoda uani, naandika haya kwa kidole gumba kwenye simu, na kila nikifika katikati ya sentensi nacheka peke yangu. Mpangaji mwenzangu amepita na ndoo yake, akaniangalia, akarudi tena kuniangalia.

Aniangalie tu. Leo nina furaha, na sina mpango wa kuificha.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Hidaya, ni Msambaa wa Mpale, na kazi yangu ni kukaa katikati ya watu. Kuna kampuni imeweka mtambo wa majaribio huko kwenye nyika ya Handeni. Paneli za sola zinavuna umeme wa jua, umeme unaingia kwenye mashine, mashine inayapasua maji, na kwenye maji inatoka gesi ya haidrojeni. Mambo yakienda vizuri, gesi hiyo itageuzwa kuwa kitu kinachosafirishika, itapita Korogwe, itapita Hale, itafika bandarini Tanga, na huko ng'ambo itawasha viwanda ambavyo leo vinachoma makaa ya mawe. Wenyewe wanauita mnyororo wa ugavi. Mimi ni kipande kidogo cha huo mnyororo. Naongea na wanakijiji, nasikiliza manung'uniko yao, halafu nayapeleka kwa wahandisi bila kuyatia sukari.

Wanunuzi wa ng'ambo wana masharti, na kusema kweli masharti yao ni mazuri. Hawataki haidrojeni iliyotengenezwa kwa umeme wa mafuta. Hawataki maji yaliyonyang'anywa watu. Wanataka wenyeji wawe wamekubali kwa hiari yao, bila kutishwa wala kuhongwa. Ndiyo maana leo mgeni wao, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya majani, alikuja kukaa kwenye mkutano wa kijiji asikie kwa masikio yake. Kijiji kikikubali, mtambo unakua. Kijiji kikikataa, kampuni inafungasha, na kisima chake kinafungwa.

Hicho kisima ndicho kilichokuwa kinaninyima raha. Kilichimbwa kwa ajili ya mtambo, lakini tuliahidi kwamba mifugo nayo itakunywa. Ukiwa hujakaa huku kiangazi huwezi kuelewa ahadi hiyo ina uzito gani. Familia za wafugaji huswaga ng'ombe mpaka lambo la mbali, lambo lenyewe limebaki tope, na wakati wa kurudi ndama wengine wanalala njiani hawainuki. Nimewaona akina mama wakimwinua ndama kwa kumshika mkia na mabega, huku wanamsemesha taratibu kama mgonjwa.

Na mimi nina jambo langu binafsi kwenye hili, acha niliseme. Sehemu ya utoto wangu niliishi Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa sababu baba alikuwa fundi kwenye mitambo ya umeme wa maji. Sisi tulikuwa na taa. Ila nikienda kucheza na wenzangu ng'ambo ya mashamba, nilikuta nyaya kubwa zinapita juu ya nyumba zao zikienda kuwasha miji, na chini yake watu wanakula kwa mwanga wa koroboi. Nilimuuliza baba kwa nini. Akanyamaza, akaniambia nikanawe mikono. Nilipoajiriwa hapa nilijiapiza moyoni kwamba haidrojeni haitapita juu ya vichwa vya watu namna ile.

Kiapo kizuri sana. Halafu nikaanza kuharibu.

Kuna mama anaitwa Yeyo Namnyaki. Boma lake ndilo la karibu zaidi na mtambo. Yeyo kwa Kimaa ni mama, na kila mtu anamwita hivyo, hata wazee wenye umri wake. Ni mwembamba, ana shanga nzito shingoni, na akikutazama unajikagua kama umefunga vifungo vyako vizuri. Mimi nikifika namwambia "Takwenya," yeye ananijibu "Iko," na hapo Kimaa changu kinakuwa kimekwisha, tunahamia Kiswahili.

Msimu wa mvua uliopita binti yake, Nashipai, alishikwa na uchungu mchana, barabara imeharibika, pikipiki haipiti. Mimi nilikuwa na pikapu ya kazini. Nilimchukua pamoja na mama yake, nikaendesha kwenye utelezi huku nasoma kila dua ninayoijua na nyingine nikiitunga, tukafika hospitali mjini Handeni mtoto yuko mlangoni. Mtoto wa kiume. Alipolia, Yeyo Namnyaki alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanipulizia mate kidogo kwenye paji la uso, ndiyo baraka yao. Nililia zaidi ya mzazi mwenyewe, hadi muuguzi akaniuliza kama na mimi nasubiri zamu.

Wiki chache baadaye Yeyo alikuja mtamboni. Alikuja na kondoo jike, mnene, mweusi kichwani na mweupe mwilini, amefungwa kamba ya katani shingoni. Watu walikuwa wengi getini: vibarua, mafundi, akina mama waliokuja kuuza maziwa. Akanikabidhi kamba.

Kondoo wako, akasema.

Sasa sikilizeni. Kampuni ina kanuni, na kwenye mafunzo tulikaririshwa mpaka tukaziota: mfanyakazi hapokei zawadi yoyote kutoka kwa mwanakijiji. Si kuku, si mayai, si soda. Sababu inaeleweka. Leo ukipokea kondoo, kesho ndugu wa mwenye kondoo akipata kibarua, nani ataamini kwamba alistahili? Na mimi ndiye ninayewafundisha wengine hiyo kanuni. Kwa hiyo nilisimama pale getini, mbele ya watu wote, nikiwa nimenyooka kama niko gwaride, nikasema, "Asante sana Yeyo, lakini sheria ya kazi hainiruhusu. Mrudishe tu nyumbani."

Mrudishe tu nyumbani. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu huu.

Yeyo aliichukua kamba, akamgeuza kondoo, wakaondoka. Mama mmoja wa maziwa aliguna, "Mh!" ile ndefu inayoanzia tumboni. Mimi nikarudi ofisini nikijiona mwadilifu.

Aliyenitoa ushamba ni Rajabu, fundi wetu wa maji. Rajabu ni Mzigua, mzaliwa wa hapa hapa Chanika, na Wazigua na Wasambaa hawajawahi kuachana kwa amani bila kutaniana. Siku hiyo lakini hakunitania. Aliweka spana chini.

"Dada Hidaya, unajua ulichokataa?"

"Kondoo."

"Hukukataa kondoo. Umekataa undugu."

Akanieleza. Kwa Wamasai, mtu akikupa kondoo kwa moyo wake, jina lako kwake linaisha. Kuanzia siku hiyo atakuita Paker, na wewe utamwita Paker, mpaka mmoja wenu afe. Paker ni watu wawili ambao kati yao amepita kondoo. Hawadanganyani, hawanyimani maji, mmoja akiwa na shida mwingine hasubiri kuitwa. Kumrudisha kondoo mbele za watu ni kusema, sikutaki uwe mtu wangu.

Jamani. Nilikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Kwa kipindi chote kilichofuata, salamu zetu na Yeyo zilikuwa Takwenya na Iko basi. Alikuwa na heshima zake zote, hakuninunia, ila alikuwa akijibu halafu anaendelea na shughuli yake kama vile nimeulizia saa. Ningependa aniseme. Mama yangu akikasirika anasema mpaka majirani wanasikia, halafu anakupakulia chakula. Huyu alikuwa ananyamaza tu.

Nikaamua kujirekebisha kwa kazi. Mbauti ilikuwa imekamilika, yaani lile birika refu la saruji la kunyweshea ng'ombe, na siku ya kuifungua ilikuwa wiki hii, Jumatano. Nikasema hapa ndipo nitakapoonyesha moyo wangu. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, mashine haiyawezi, kwa hiyo kabla hayajaingia mtamboni yanachujwa na kuchujwa tena mpaka hayabaki na kitu chochote, ni maji matupu. Nikamwambia Rajabu, "Siku ya ufunguzi jaza mbauti kwa yale yaliyochujwa. Ng'ombe wa watu wapate yale bora kabisa." Rajabu alinitazama, akasema maji hayo yana kazi ya kuyatengeneza. Nikamwambia ajaze. Akajaza.

Mimi nimekulia kwenye maji ya Mpale. Yanatoka mlimani baridi, matamu, unakunywa kwa viganja na unaona vidole vyako. Kwangu maji mazuri ni maji yasiyo na kitu ndani yake. Haikunipitia akilini kabisa kwamba ng'ombe wa nyika ana maoni mengine.

Jumatano hiyo watu walikuja. Wazee na fimbo zao, akina mama, mwenyekiti wa kijiji na hotuba yake. Ng'ombe wa Yeyo ndio waliotangulia. Lile dume la mbele likafika, likashusha pua, likanusa. Likalamba ukingo wa saruji. Likanyanyua kichwa na kutazama mbali, kama mtu aliyekaribishwa chai isiyo na sukari na hataki kumuudhi mwenye nyumba. Wa nyuma yake vilevile. Wakakusanyika, wakanusa, wengine wakachovya ulimi, halafu kundi zima likageuka taratibu kuelekea njia ya lambo.

Mwenyekiti akaikunja hotuba yake, akaitia mfukoni.

Baadaye maneno yakaanza, na hata sikuhitaji kuyatafuta, yalikuja yenyewe mpaka getini. Wakasema mashine imeyafyonza maji uhai, yaliyobaki ni maiti ya maji. Wakasema mzungu anachukua roho ya maji anaipeleka Tanga, sisi tunaachiwa mwili. Na mama yule yule wa maziwa akalifunga kwa sentensi ambayo imenichoma mpaka leo: huyu binti hali chetu, na ng'ombe wetu hawanywi chake, basi tumejuana.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Kwa hesabu yangu, tungekataliwa.

Siku iliyofuata, Alhamisi, nilimeza aibu nikaenda bomani kwa Yeyo pamoja na Rajabu. Nilibeba dumu mbili: moja ya maji yaliyochujwa, nyingine ya maji ya kisima kama yalivyo. Nikamwambia Yeyo sielewi, anisaidie. Akayaonja yale ya kwanza, akayazungusha mdomoni, akayatema.

"Haya hayana kitu," akasema. "Si mabaya. Hayana kitu tu."

Rajabu akaanza kucheka. Mimi nikaelewa kabla hajamaliza. Wafugaji hawa wananunua magadi kuwalambisha ng'ombe, wanawapeleka kwenye udongo wa chumvi makusudi, na mimi nimechukua maji yenye chumvi yake ya bure, nimeiondoa yote kwa umeme wa jua, halafu nikawaletea kama zawadi. "Wasambaa nyie," Rajabu akasema huku anafuta machozi, "mnadhani kila ng'ombe kazaliwa Mpale!" Yeyo naye midomo ikamcheza kidogo. Hakucheka, lakini ilimcheza, niliona.

Nikamwambia pale pale ukweli wote wa mashine: inachukua nini, inaacha nini, kwa nini inataka maji matupu. Nikamwambia hakuna roho inayokwenda Tanga. Akasikiliza. Mwishoni akauliza swali moja tu: kiangazi kikikaza na kisima kikapungua, nani anakunywa kwanza, mashine au ng'ombe?

Nilisema sijui, nitauliza. Sikutaka kumdanganya.

Ijumaa tuliimwaga mbauti, Rajabu akaiosha harufu ya saruji, tukajaza maji ya kisima kama yalivyotoka ardhini. Jioni ng'ombe walikunywa. Walikunywa kwa kelele, shingo zimenyooka, wale wadogo wakipenya chini ya matumbo ya wakubwa. Nilisimama mbali nikawatazama, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini maneno ya mjini na vijijini hayaoshwi na Rajabu, na Yeyo hakusema atasimama upande gani.

Nilimpelekea bosi wangu lile swali. Tunamwita Injinia, hana mambo mengi, anapenda jambo liwe na mchoro. Akachora mabomba mawili kwenye bahasha tupu, akayafuta, akachora tena. Akasema atalijibu mkutanoni mwenyewe.

Basi, leo.

Tulikaa kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai. Mwenyekiti wa kijiji alifungua. Wazee wa Kizigua wenye mashamba walisema yao, wengi walitaka barabara na walitaka kujua paneli zitaishia wapi. Wafugaji walikaa upande wao, hawakusema. Yeyo alikuwa mstari wa mbele wa akina mama, mjukuu wake mgongoni, yule yule wa pikapu, mashavu yamejaa. Ni kweli hata kwenye hofu yangu nilimwona mtoto yule nikasema alhamdulillahi, yupo.

Injinia akasimama. Akasema bomba la kisima litabadilishwa. Maji yataingia kwanza kwenye mbauti, na mbauti ikijaa ndipo yatafurika kwenda mtamboni. Mbauti ikiwa tupu, mtambo hauna njia ya kupata maji hata mtu akitaka. Kiangazi kikikaza, mashine ndiyo inayosimama. Watu wakanong'ona. Mgeni wetu akamwomba Rajabu, aliyekuwa anamtafsiria, arudie, kisha mgeni akatikisa kichwa kukubali.

Halafu mgeni akauliza swali lake. Ni swali analouliza kila mahali, ndiyo kazi yake. Je, kuna yeyote hapa aliyepewa kitu, au aliyetoa kitu kwa mtu wa kampuni, kwa ajili ya jambo hili?

Nzi wanapita.

Yeyo Namnyaki akasimama. "Mimi nilitoa," akasema.

Injinia aligeuka akanitazama. Nilijiona narudi Mpale na mabegi yangu, mama ananiuliza imekuwaje, nami namjibu kondoo.

Yeyo hakuharakisha. Alimtengeneza mtoto mgongoni. Alisema hivi, na nayaandika nisije nikayasahau:

"Nilimpa huyu binti kondoo. Si kwa ajili ya mashine. Alimleta mjukuu wangu duniani kwa gari. Akamkataa kondoo mbele ya watu. Nilikasirika. Hata sasa nimekasirika. Nikaenda nyumbani nikafikiri. Nikasema, watu wengi wamekuja hapa kuomba ardhi, wote walikula kondoo wetu, na waliposhiba hatukuwaona tena. Huyu hakula. Nilipomuuliza jambo la maji na hajui, akasema hajui. Sasa nyinyi mnaniuliza kama naikubali hii mashine. Mimi sijui mashine. Muulizeni Paker."

Nilitazama nyuma yangu. Wallahi nilitazama nyuma kuona huyo Paker ni nani.

Rajabu akanipiga kiwiko. "We! Ni wewe!"

"Lakini mimi sikumchukua," nikanong'ona.

Masikio ya Yeyo ni makali. "Kondoo aliyetajwa harudi," akasema, akinitazama mimi sasa, kwa macho yale yale yanayokufanya ujikague vifungo. "Uliniambia nimrudishe nyumbani. Nimemrudisha. Yuko kwenye zizi langu, anakula majani yangu, lakini ni wako. Amezaa. Watoto pia ni wako. Na hujaja hata siku moja kumwona."

Uwanja mzima ukacheka. Wazigua wakacheka, wafugaji wakacheka, mama wa maziwa akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikuwa nalia, hata sikujificha. Muda wote ule, kila Takwenya na Iko, kumbe mimi nilikuwa mwenye mifugo na sijui. Alikuwa hajanikataa. Alikuwa ananisubiri nije kuulizia kondoo wangu, na kila siku nilipofika bila kumuulizia nilikuwa nazidi kumuudhi.

Waliponyoosha mikono, ya wafugaji ilinyooka pamoja na ya wakulima. Si yote. Mzee mmoja wa nyuma alibaki na mikono yake kwenye fimbo, akasema atanyoosha siku atakapoona hilo bomba kwa macho. Mwenyekiti akasema ni haki yake, na mimi nilimpenda kwa hilo. Kijiji kimekubali. Kisima kinabaki.

Wakati wa kuondoka mgeni aliniita pembeni. Nikaanza kujieleza kuhusu kanuni, nikajikanyaga maneno, Rajabu akachoka kutafsiri. Alinikatiza. Alisema kanuni inabaki: kondoo asiliwe nami, asiuzwe nami, akae alipo, na bosi wangu ajue. Injinia akasema ameshajua, kama ilivyojua tarafa nzima. Ila jina, mgeni akasema, jina hakuna kanuni inayolizuia. Akajaribu kulitamka mwenyewe, akakosea, akajaribu tena. Akaniambia kazi yake ni kufuatilia kitu kuanzia hapa kilipozaliwa mpaka kwa mwenye kukitumia, na mara nyingi anachofuatilia ni mihuri kwenye karatasi. Leo angalau ataondoka na jambo la kusimulia.

Garini Injinia alitazama mbele mpaka tulipokaribia mjini. Halafu akasema, bila kugeuka, "Hidaya, na wale wanakondoo ni wangapi?" Nikasema sijui. Akatikisa kichwa. "Mfugaji gani wewe." Tukacheka hadi kwenye kona ya Chanika.

Kwa hiyo niko hapa na miguu yangu iliyovimba. Jua limeshuka, chapati zimeisha, jirani amenigawia moja na chai ya tangawizi, naye namshukuru, leo namshukuru kila mtu. Namshukuru Rajabu kwa spana yake na mdomo wake. Namshukuru yule dume aliyekataa maji yangu, maana angekunywa kwa adabu nisingewahi kwenda bomani kuuliza. Namshukuru baba, popote alipo huko kwenye rehema, kwa kunyamaza siku ile niliyomuuliza juu ya nyaya. Nadhani na yeye hakuwa na jibu, na hakutaka kunidanganya.

Sijui kama meli itakuja. Sijui kama huo mnyororo wao utafika huko unakotakiwa kufika, yapo mengi katikati na mengi siyaelewi. Najua mwanzo wake umefungwa wapi. Umefungwa kwenye shingo ya kondoo mmoja mwenye kichwa cheusi, kwa kamba ya katani.

Leo, nilipokuwa napanda gari kuondoka mkutanoni, Yeyo alikuwa amesimama njiani na mjukuu wake. Sikumwambia Takwenya. Niliita, kwa mara ya kwanza: "Paker!"

"Paker," akajibu. Akasubiri.

Nikaelewa anasubiri nini. "Kondoo wangu hajambo?"

"Hajambo," akasema, na safari hii alicheka kabisa, meno yote. "Njoo umwone."

Kesho sina kazi. Nitaamka mapema nimwombe mtu wa pikipiki anipeleke bomani. Nimekaa hapa najiuliza, mtu akienda kumwona kondoo wake mwenyewe kwa mara ya kwanza, baada ya kumtelekeza muda wote huo, anampelekea nini?

Chumvi. Nitampelekea chumvi.